Ushauri kwa Wasafiri: Gari la Umeme Linapokwenda Njombe

Kutoka Dar es Salaam hadi Njombe ni takriban kilomita 700 za lami, na mji huo umekaa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Basi huondoka alfajiri na kufika siku hiyohiyo, jambo linalompa mwenye gari jipya la umeme matumaini yasiyo na msingi. Maswali yafuatayo yanatoka kwa wasomaji walio katika hali hiyo, au wenye shemeji aliye katika hali hiyo.

Mkazi wa Kimara amenunua Nissan Leaf ya mtumba yenye betri ya uniti 40. Dashibodi inamwonyesha kilomita 240, na anauliza atapumzika wapi kabla ya Makambako.

Msomaji huyu atapumzika sana. Namba ya dashibodi hukadiriwa kutokana na mwendo uliopita, na mwendo uliopita ulikuwa foleni ya Ubungo, ambako gari la umeme hutumia kidogo. Katika mwendo wa 80, gari la aina hiyo hula takriban uniti 15 kwa kila kilomita 100. Aidha, betri ya mtumba si ya uniti 40 tena. Pembeni ya kipimo cha chaji kuna vijiti 12 vya afya ya betri. Cha kwanza kikitoweka, takriban asilimia 15 ya uwezo imekwenda. Ratiba salama ni kulala Morogoro, Mikumi na Iringa, kisha kuongeza chaji Makambako na kuingia Njombe siku ya nne. Faida ya mwendo huo ni kwamba trafiki hawatapata sababu ya kumpiga tochi.

Mwalimu mmoja anauliza kama Mlima Kitonga utammaliza.

Kitonga hudai malipo yake papo hapo. Gari lenye uzito wa kilo 1,800 pamoja na abiria na mizigo huhitaji karibu uniti 5 kupanda mita 1,000, mbali na zile za kusogea mbele. Hivyo kutoka Mikumi hadi Iringa, karibu kilomita 190, huenda zikatumika uniti 33 au 34, na betri iliyochoka haina akiba hiyo. Mwenye betri hiyo aongeze chaji Ruaha Mbuyuni kabla ya kuanza kupanda. Gari likiishiwa njiani lisivutwe kwa kamba, kwa sababu magurudumu ya mbele yakizunguka huzungusha na mota, nayo inaweza kuungua. Dawa ni kupakiwa juu ya Fuso linalopanda tupu kufuata viazi Njombe.

Msafiri wa Mikumi anaeleza kuwa mhudumu wa gesti amemwambia soketi ni za kuchajia simu tu.

Mhudumu ana hoja. Soketi ya kawaida ikitoa ampea 10 kwa volti 230 huleta uniti 2.3 kwa saa, kwa hiyo kurudisha uniti 30 ni kazi ya saa 13 au zaidi. Soketi iliyolegea itayeyuka kabla ya alfajiri. Ethi ikaguliwe na fundi, na ekstensheni nyembamba iliyoviringishwa isitumike, maana hushika moto. Malipo yakubaliwe mapema: kwa bei ya LUKU inayozidi shilingi 350 kwa uniti, chaji ya usiku mzima hufika takriban shilingi 12,000.

Kijana wa Chalinze anashauri jenereta ibebwe kwenye buti.

Jenereta ndogo ingeunguruma saa zote hizo 13 na kunywa petroli inayokaribia ile ambayo gari la kawaida lingetumia kwa umbali uleule. Msafiri angekuwa na gari la petroli lisilotembea wakati injini ikiwaka.

Msomaji mwingine ana shangazi Makambako, na anauliza kama ni adabu kuomba umeme.

Ni adabu, ikifuata utaratibu. Salamu ya kamwene hutangulia, soketi hufuata. Kwa kilomita 60 zilizobaki hadi Njombe zinatosha uniti kumi, yaani saa nne na nusu, muda wa kutosha kwa chakula na kwa habari za ukoo wote. Tokeni ya LUKU inunuliwe kabla ya kuchomeka waya, tena iwe kubwa kuliko kitakachotumika. Nyumba ikiingia gizani saa mbili usiku, mgeni ndiye atakayetajwa, na atatajwa kwa miaka.

Wa mwisho yuko Njombe tayari. Ni Julai, na chaji inapanda polepole.

Betri ya lithiamu ikipoa hupokea umeme taratibu, na asubuhi za Njombe katika mwezi huo huwa na baridi kali. Gari lichajiwe mara tu linapofika, betri ikiwa bado na joto la safari, na lilale mahali pasipo upepo. Wakati wa kurudi, mteremko wa Kitonga hurudisha sehemu ya uniti zilizoliwa, kwa kuwa mota hugeuka kuwa jenereta dereva anapoachia mafuta. Hata hivyo vituo vya kulala ni vilevile vitatu. Siku nne za kwenda na nne za kurudi, likizo ya wiki mbili hubakiza siku sita za kukaa nyumbani.