Kokoto Ndani ya Injini

Aliyeusikia mlio ule wa kwanza ni mama mkwe. Dirisha la chumba chake linatazama mwembe, na chini ya mwembe ndipo gari letu linapolala. Ilikuwa Julai, katika miezi ile ambayo baridi hushuka kutoka Uluguru na Mazimbu nzima huamka imejikunyata. Nilikuwa nikiwasha gari saa kumi na moja na nusu alfajiri, ili watoto wawahi shule na mke wangu awahi kazini mjini. Siku ya tatu au ya nne mke wangu akaniambia jikoni, kwa sauti ya chini: "Mama anasema gari lako likiamka linasaga kokoto."

Mama mkwe hakuniambia mwenyewe. Amelelewa Nyandira, juu kule Mgeta, na kwa malezi yake mkwe hamkosoi mkwe uso kwa uso. Tukikutana uani ni "shikamoo mama", "marahaba baba", basi. Neno zito hupitia kwa binti yake.

Kesho yake nilisikiliza. Kweli, lilipowaka lilitoa mkwaruzo mkali wa chuma, sekunde mbili au tatu, kisha likatulia likaunguruma kama kawaida. Kwa kuwa lilitulia, nililiacha. Hilo ndilo kosa lililotugharimu mwaka mzima, na nalisema wazi kwa sababu naamini nyumba nyingi zenye gari dogo la petroli zinaishi ndani ya sekunde hizo tatu bila kujua.

Ndani ya injini, nyuma ya kifuniko cha ubavuni, kuna cheni. Ukiiona utaifananisha na ya baiskeli. Inaunganisha kranki, inayozungushwa na pistoni, na kemshafti, inayofungua na kufunga valvu. Kranki ikizunguka mara mbili, kemshafti izunguke mara moja, wala pasirukwe hata jino moja, maana kwenye injini nyingi cheni ikiruka pistoni hukutana na valvu na kuzipinda. Magari mengi ya zamani yalikuwa na mkanda wa mpira, ambao mafundi huubadilisha kwenye kilomita 100,000 hivi. Cheni ilikuja na sifa ya kudumu maisha yote ya injini. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini ina sharti: cheni huoga oili, na kinachoikaza, tenshena, ni kipistoni kidogo kinachosukumwa na presha ya oili hiyohiyo. Gari likilala, presha hushuka. Asubuhi, mpaka oili ipande tena, cheni iliyolegea hupigapiga gaidi zake, yaani reli zinazoiongoza, na kifuniko. Hizo ndizo kokoto alizozisikia mama mkwe akiwa kitandani.

Agosti tulikuwa tunampeleka kwao. Tuliacha lami Sangasanga, karibu na Mzumbe, tukaanza kupanda. Anayeijua njia ile anajua jinsi kigari cha cc 1000 kinavyohema kikiwa na watu watano na magunia. Kwenye kilima cha tatu taa ya injini ikawaka, nguvu zikakata, gari likawa linatetemeka kama mtu mwenye homa. Nikasimama. Mama mkwe akashuka, akajifunga khanga vizuri, akakaa juu ya jiwe akitazama bonde. Baada ya saa nzima likapita Fuso lililokuwa likipanda tupu kufuata kabichi. Akapanda, akatupungia mkono. Sisi tukarudi mjini tumefungwa kamba nyuma ya gari la mtu.

Fundi wa kwanza alichomeka mashine yake ya kupimia, ikaandika P0016, maana yake kranki na kemshafti hazikubaliani. Akafungua. Cheni ilikuwa imerefuka. Watu husema imevutika, lakini chuma kile hakivutiki kama mpira. Ni pini zake zinazolika, kila moja kidogo sana, na ukijumlisha pini zote urefu unaonekana kwa macho. Akafunga cheni mpya, akaacha meno ya zamani na tenshena ya zamani, akisema bado vina uhai. Kisha akajaza oili nzito, 20W-50, "ili iue mlio". Nilimlipa nikamshukuru. Miezi saba tu, Machi, kokoto zikarudi, na habari ikaja kwa njia ileile, jikoni.

Fundi wa pili alibadilisha cheni na tenshena, ila tenshena aliitoa kwenye injini ya mtumba. Kifuniko alikirudisha kwa silikoni nyingi, imefura pembeni kama uji uliomwagika. Safari hii ilikuwa miezi minne.

Hapo ndipo kitu kilipoanza kulika ndani ya nyumba. Fedha ya matengenezo ya pili ilikuwa zamu ya mke wangu kwenye upatu, ambayo alikuwa ameipangia cherehani. Aliitoa bila kuombwa mara mbili, na hakuitaja tena, na kule kutoitaja kulinikalia rohoni. Mjomba wa watoto, ambaye Jumamosi huchukua gari kupeleka karoti na njegere soko la Mawenzi, alianza kunirudishia funguo bila kunitazama. Kila mmoja alimshuku mwenzake: nani analikimbiza, nani analipakia mizigo mizito. Mama mkwe aliendelea kwenda kwao kwa magari ya abiria na kurudi na kikapu chake, kimya.

Kisha mtoto wetu wa kwanza, aliyekuwa darasa la sita, akaja na swali. Alikuwa amekiona kikaratasi kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva tangu gari lilipotoka Japani. Maandishi hakuyaelewa, lakini tarakimu zilisomeka: tarehe, na kilomita ambazo oili ilibadilishwa. "Baba, sisi ya kwetu tumeandika wapi?" Nilitafuta risiti za oili kwenye droo usiku ule. Kati ya mbili za kwanza palikuwa na kilomita zaidi ya 11,000. Kila fundi mwenye akili husema 5,000.

Tulilipeleka kwa mzee mmoja hapa hapa Mazimbu, anayefanya kazi nyuma ya nyumba yake. Ujanani alikuwa kibarua wa ujenzi wakati wakimbizi wa Afrika Kusini walipojenga shule yao kwenye lililokuwa shamba la mkonge, kazi iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1970. Shule ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Mwaka 1992 chama chao cha ANC kiliikabidhi kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Mzee hupenda kuonyesha majengo yale, yanavyosimama hadi sasa, na nadhani ana haki ya kujivunia. Tulipomweleza habari ya cheni mbili, hakufungua kifuniko cha cheni. "Kule kwenye ujenzi," alisema, "ufa ukionekana ukutani tulishuka kuangalia msingi." Akatandika gunia, akaingia chini ya gari.

Kabla ya kugusa bolti aliuliza oili imebadilishwa lini na tumekuwa tukiongeza kiasi gani. Tulikuwa watatu pale, mimi, mke wangu na shemeji, wote madereva wa gari lile. Tukatazamana. Kila mmoja alijaza petroli kwa zamu yake, na kila mmoja aliamini mwenzake ndiye anayeangalia oili. Mzee akachomoa kijiti cha kupimia: kimelowa nchani tu. Alipomwaga, ilitoka lita moja na nusu mahali pa lita tatu. Lakini chini ya mwembe hatukuwahi kuona hata tone. Haikuwa inavuja. Ilikuwa inapita kwenye ringi za pistoni zilizochoka na kuungua polepole, moshi ukiwa mwepesi mno kuonekana.

Halafu akashusha sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Mle ndani kuna chujio la wavu ambalo pampu hunyonyea oili. Lilikuwa limezibwa na tope jeusi la oili iliyopikwa, na katika tope hilo vipande vya silikoni, vya kijivu, vilivyobanduka kwenye kifuniko. Pampu ilikuwa ikinyonya kwenye upenyo usiozidi ukucha wa kidole kidogo. Nilikishika kipande kimoja, laini kama mdudu, nikakaa chini. Cheni mbili, cherehani ya mke wangu, kimya cha shemeji, Fuso la kabichi: vyote vilikuwa vinatokea hapo.

Mzee aliosha sampu na chujio, akatuagiza seti kamili: cheni, meno ya juu na ya chini, gaidi, tenshena mpya. Meno ya zamani, alituonyesha, yalikuwa yamechongoka, na meno yaliyochongoka huila cheni mpya mapema. Silikoni aliipaka uzi mwembamba, akaiacha ikauke kabla ya kuweka oili. Oili ilikuwa 5W-30, kama kitabu cha gari kinavyosema, kwa sababu oili nyepesi ndiyo inayowahi kuifikia tenshena asubuhi ya baridi. Baada ya kilomita 500 aliimwaga ili itoke na mabaki ya tope, akaweka nyingine. Malipo aliyapokea kwa mafungu matatu.

Sasa kuna daftari la mistari limening'inia kwenye msumari karibu na mtungi wa maji. Jumapili jioni, gari likiwa limepoa na liko mahali pa tambarare, mmoja wetu huchomoa kijiti, hufuta, hurudisha, huchomoa tena, na huandika. Kila kilomita 1,000 inapungua kama nusu lita. Mzee anasema ringi zitatuvumilia kitambo, mradi gari lisiachwe na kiu. Mke wangu ndiye anayeandika vizuri kuliko sote. Mwezi wa nne cherehani ilinunuliwa, na daftari la mahesabu yake limening'inia kwenye msumari wa pili.

Juni ilipoingia, baridi ikashuka tena. Jumamosi moja niliamka gizani, nikafungua boneti chini ya mwembe na tochi mdomoni. Nikasikia mlango. Mama mkwe alikuwa amesimama hatua tatu kutoka nilipo, amevaa, kikapu kichwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba." Akatazama kijiti mkononi mwangu. "Ipo?"

"Ipo, mama."

"Basi niwekee mzigo. Leo utanifikisha Nyandira."

Akanikabidhi kikapu, akafungua mlango wa mbele, akaketi.