Kutu ya Thamani

Jamani, mwacheni muuzaji wa baiskeli ya Peugeot UO-8 ya mwaka 1972 apumue. Ati fremu ni chuma cha kawaida, si mabomba ya Reynolds 531 kama ya baiskeli ya mashindano ya PX-10? Bingwa wa baiskeli Eddy Merckx alishinda mbio za Milan–San Remo za 1966 na za 1967 akiwa amevaa jezi ya Peugeot. Nembo ni ileile, basi na miguu ya Merckx imo humo humo kwenye bei.

Kutu mnaisemea nini? Mvinyo wa Bordeaux hulala gizani miaka na miaka, wala hakuna anayelalamikia vumbi la chupa. Gia za Simplex ni za plastiki na zimepasuka, sawa; Venus wa Louvre hana mikono na watu wanapanga foleni. Rimu za chuma hazishiki breki kwenye mvua, lakini mwendeshaji hujifunza kusali, tena bila ada.

Waingereza, kwa woga wao, waligeuza skrubu ya upande mmoja wa ekseli ya kranki ili isilegee. Wafaransa wakazielekeza zote mbili mkono mmoja, wewe na fundi wako msije mkasahauliana. Pedali nazo zinadai tundu la milimita 14, kipimo kinachoikinga baiskeli na vipuri vya madukani.

“Adimu,” ameandika muuzaji. Kweli kabisa: miaka ya 1970 zilimiminwa Marekani kwa maelfu, na kila banda la gari lina moja tu.

Tairi, nyaya, mnyororo na siti utajitafutia. Ameshakuuzia historia, na kuiendesha pia unataka?