Utukufu wa Kuzurura

Kiswahili hakijawahi kuwa bahili kwa miguu. Mtu hunyata, hujikongoja, huchechemea, hupepesuka, hujikokota, huenda kwa madaha. Neno kutembea lenyewe limebebeshwa mizigo kuliko punda: mgeni amekuja kutembea, kumbe tangu ateremke kwenye basi amekaa tu mkekani; fulani anatembea na mke wa mtu, na matembezi hayo hayahitaji viatu; chama kinatembeza bakuli, mgambo wametembeza kichapo. Ila ukitazama ni wapi hasa maneno yamemwagwa bila kipimo, utakuta ni pale mwendo unapokosa sababu: kuzurura, kuranda, kurandaranda, kutanga, kutangatanga, kukata mitaa, kuvinjari. Watu hawajisumbui kutunga maneno yote hayo kwa kitu wasichokipenda. Nadai basi, bila utani hata chembe, kwamba kuzurura ndiko kutembea kulikokamilika, na kwamba Mkoa wa Singida una ushahidi wa kutosha kuifunga kesi hii kabla ya saa nne asubuhi.

Singida inajulikana kwa alizeti, kwa vitunguu na kwa kuku wa kienyeji. Huyu kuku ni mzururaji wa kuzaliwa. Afunguliwapo alfajiri huko Ikungi au Iramba, hana ratiba wala msimamizi. Anachakura mara mbili, anarudi nyuma hatua moja, anakiinamisha kichwa ili jicho moja lielekee chini, anadonoa mchwa au punje ya mtama iliyochupa kwenye kinu, kisha anaondoka kwa mwendo wa mtu aliyekumbuka jambo akalisahau tena njiani. Jioni hakuna awezaye kusema alikuwa wapi. Lakini paja lake gumu, linalommalizia mpishi mkaa, ndilo mlaji wa Dar es Salaam analolitafuta, na analilipia zaidi ya la kuku wa kisasa, ambaye katika wiki zake chache duniani hakupata hata nafasi ya kukata kona. Mlaji huyo akijichunguza vizuri atakuta kwamba ukitoa manyoya na mifupa, alichonunua ni uzururaji. Nyuki wa Itigi naye, anayehama ua hadi ua kama mtu aliyepoteza ufunguo, hajawahi kuambiwa atulie.

Nitaambiwa kuku na nyuki hurudi nyumbani na kitu. Sawa, lakini na kijana aliyeshinda akizunguka kati ya stendi na soko la vitunguu naye hurudi na kitu: anajua gunia limeuzwaje leo, lori gani linapakia kwenda wapi, nani anatafuta wa kushusha mzigo kesho. Hizo nazo ni punje. Kuku tu ndiye asiyeulizwa alikotoka. Wahenga waliposema mtembezi hula miguu yake walikusudia kuonya, nami nawaheshimu; ila walikiri, pengine bila kutaka, kwamba mtembezi hakulala njaa.

Pingamizi zito ni la sheria. Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kwa Mwingereza iliweka vifungu vya 176 na 177 kwa ajili ya watu wa namna hii, asiye na riziki inayoonekana na asiyeweza kujieleza vya kutosha. Waingereza wenyewe walikuwa na sheria yao ya wazururaji tangu 1824, na waliposafiri waliifungasha pamoja na miavuli. Mwaka 1983 tukaongeza yetu, Sheria ya Nguvu Kazi, na watu wasio na kazi inayotambulika wakakusanywa mijini kupelekwa vijijini, kana kwamba kijijini watu hawazururi. Hoja iliyo nyuma ya sheria hizi ni kwamba mzururaji ni mwizi ambaye bado hajaiba. Hapo ndipo walipokosea hesabu. Mwizi ndiye anayejua nyumba, dirisha na saa ya mlinzi kusinzia. Hakuna mtu atembeaye kwa malengo kumshinda. Mzururaji hana hata mtaa anaoupendelea. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji haziendani na Mkataba wa Afrika. Kuku wa Singida walikuwa wamelala saa hizo, lakini naamini wangepiga makofi.

Tena jina lenyewe hupimwa kwa mfuko wa mwenye miguu. Kiongozi huzuru Singida, kijana huzurura Singida: silabi moja, na msafara wa magari. Anayeranda mtandaoni usiku kucha kwa kidole kimoja anasemwa anavinjari, na chombo chake tumekiita kivinjari kwa heshima zote. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha, na taifa likashangilia, kwa haki kabisa. Ila yeye alijulikana aendako. David Livingstone je? Tangu 1866 hadi alipofariki 1873 alizunguka akitafuta chanzo cha Nile mahali ambapo hakipo. Henry Stanley, aliyemfuata 1871, alilikatiza pori la Mgunda Mkali, upande wa Manyoni na Itigi ya leo, akiongozana na wapagazi. Vitabu viliwaita hao wawili wapelelezi wa bara, na wapagazi wakabaki kuwa wapagazi. Kifungu cha 177 kingekuwapo pale Ujiji, Livingstone angepata taabu kubwa ya kujieleza.

Kuna atakayesema kwamba nasifu mwendo usiofika popote. Na amtazame tena kuku yule, siku anapouzwa. Anashikwa mchana, jambo ambalo peke yake linamshangaza, anafungwa miguu kwa ukambaa, anaingizwa kwenye tenga na wenzake na kupandishwa juu ya basi. Ndiyo safari yake ya kwanza ambayo mwisho wake unajulikana. Tiketi imekatwa hadi Dar es Salaam, na miguu haigusi chini.