Jipsamu Chini ya Bati Bovu

Nch, nch, nch! Mtu duara lake la dhahabu limetema Rwamgasa, kashika hela, kanunua nyumba ya siku nyingi pale Katoro, halafu wa kwanza kumwita ni fundi jipsamu. Bati lina kutu, misumari imelegea, na mvua za Novemba hizo zinakuja. Jamani! Jipsamu ikilowa ni ya kubomoa.

Anza juu, ndugu yangu. Saa sita mchana panda darini, zima tochi, tulia. Panapopenya mwanga ndipo patakapopenya maji. Dunga kenchi kwa bisibisi. Ikizama, mchwa wamekutangulia.

Nyufa nazo. Shinyanga na Kishapu maeneo mengi ni mbuga, ule udongo mweusi: mvua ikinyesha unavimba, kiangazi unapasuka mpaka mkono unaingia. Nyumba iliyo juu yake inapanda na kushuka. Sasa wewe unaziba ufa Septemba na rangi unapaka, Januari umerudi uleule! Bandika kiraka chembamba cha saruji kukatiza ufa, andika tarehe, acha mvua za msimu zipite. Kikikatika, ukuta bado unatembea. Shughulikia maji kwanza: ya bati yaende mbali na msingi, ya kuogea yasituame nyuma ya ukuta. Na Geita, watu wa Katoma na Nyamalembo wamelalamikia kwa miaka nyufa wanazosema zinaletwa na milipuko ya mgodi. Ukinunua huko, ongea na majirani kabla hujamlipa dalali.

Kinachoniuma zaidi ni ukuta kupigwa lipu mara mbili. Leo umenyooka, kesho fundi umeme yuko na nyundo na tindo anachimba njia ya waya, keshokutwa fundi bomba anapita palepale. Saruji imekwenda, na kiraka hakijifichi. Khaa! Waite wote siku moja, huyo wa umeme awe na leseni ya EWURA, kila mmoja achore kwa chaki anapopita. Waya na mabomba yaingie, maji yafunguliwe usiku kucha. Pasipovuja, hapo sasa piga lipu.

Marumaru za sebuleni zitasubiri. Rangi ni ya mwisho.

Nanyi mafundi: ukiitwa kupiga jipsamu chini ya bati linalovuja, usiipokee hela hiyo. Mwambie mwenye nyumba amwite kwanza fundi bati.