Sukuma Hulala Saa Mbili, Chipsi Hukesha

Kwangu hapa Buruburu ninaishi na mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo, ambaye akiamka saa nne asubuhi hasalimii mtu. Amenuna tu. Ukimuuliza kulikoni, jibu ni lile lile: "Anko, niko na stress." Stress ya nini? Kodi nalipa mimi, stima nalipa mimi, hata intaneti anayoilaani kwa kukwamakwama nalipa mimi.

Siku hizi simuulizi, nachungulia pipa la taka. Jana nilikuta mfuko wa kaki wa chipsi uliolowa mafuta hadi ungeweza kusoma gazeti kupitia kwake, tishu yenye kachumbari ya smokie, na mikebe miwili ya kinywaji cha kuongeza nguvu. Nguvu za kufanyia nini usiku wa manane?

Kafeini haina haraka. Mwili wa mtu mzima huchukua muda wa saa tano hivi kuondoa nusu yake tu. Kwa hiyo mkebe ulionywewa saa nne usiku, nusu ya kafeini yake bado inamzunguka saa tisa, naye yuko macho, anatazama dari tupu, anadai ana mawazo. Mawazo gani? Ni mkebe huo!

Na chakula nacho kina lake, wala si kelele za anko tu. Mwaka 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Macquarie, Australia, walichukua vijana 76 wa miaka 17 hadi 35, wenye dalili za mfadhaiko na mlo mbovu. Baadhi wakahamishiwa mboga, matunda, samaki na njugu kwa wiki tatu, na dalili zao zikapungua kuliko za wenzao walioachwa na mlo wao wa kawaida. Ni utafiti mdogo, na aliyezidiwa na huzuni aende kwa daktari, asije kwangu kuomba sukuma. Lakini anayenuna kwa sababu ya chipsi, huyo namjua.

Nilimpikia githeri na parachichi. "Anko, githeri ni ya boarding." Akangoja nilale, nikasikia geti likilia kwiii.

Ila kosa si lake peke yake. Nyumba za Buruburu zilianza kujengwa miaka ya 1970, kila moja na kibustani chake, na watu walipanda sukuma mlangoni. Leo bustani nyingi zimegeuka ekstensheni: kinyozi, duka la M-Pesa, kibanda cha chipsi. Pale zilipokuwa mboga sasa kuna kikaango, hatua chache kutoka dirisha la chumba cha kijana, na harufu haibishi hodi. Mama mboga wetu naye hufunika nyanya zake saa mbili usiku akaenda zake. Kijana akishuka matatu ya 58 saa tatu na njaa yake, unadhani atanunua nini?

Basi ombi langu ni fupi. Wenye vikaango, zimeni moto saa nne, nasi tulale. Na wewe mama mboga, tafadhali kaa hata saa moja na nusu zaidi, na sukuma uwe umeshaikata. Nitalipa mimi, kama kawaida.