Namna ya Kulilaghai Tangi Bovu la Hiace

Sogea karibu, ndugu yangu. Hiace yako kuukuu inavuja mafuta, mfuko umekaza, na gereji wamekutajia bei ya tangi zima. Usinyong'onyee. Nitakuonyesha jinsi ya kulilaghai tangi hilo mpaka mwisho wa mwezi, tena ukiwa kifua mbele mtaani. Tangi linalaghaika, tundu linalaghaika. Kisicholaghaika ni mvuke wa petroli, na huo nitakufundisha kuupisha.

1. Anza kwa kusingizia wengine.

Kabla ya kulilaumu tangi, laumu kila kilicho jirani nalo, kwa sababu mara nyingi ndicho chenye hatia na ndicho cha bei nafuu. Pangusa uvungu kwa kitambaa mpaka ukauke, kisha nyunyiza poda ya mtoto kuanzia juu ya tangi hadi chini. Subiri kidogo. Mafuta yatachora mstari mweusi kwenye poda, na mwanzo wa mstari ndio penye ugonjwa. Pale tone linapoangukia hapakwambii lolote, maana mafuta hutambaa kwenye bati kabla ya kudondoka.

Likivuja ukitoka tu sheli na tangi limejaa pomoni, tazama juu: oringi ya geji, au mpira wa shingo ya kujazia uliopasuka kwa uzee. Likivuja injini ikiwaka tu, kagua mpira wa kupeleka mafuta na ule wa kurudisha. Hapo umepona kwa bei ya mpira na klipu mbili. Nenda kanunue, funga, jitangaze kuwa fundi. Nani atakupinga?

2. Kama ni tangi kweli, ishi chini ya tundu.

Huu ndio ujanja mzuri kuliko wote na haugharimu kitu. Matangi mengi ya chuma hutoboka kwenye mshono wa ubavuni, au chini ya mikanda inayolishikilia, ambako tope na unyevu hukaa miezi. Ukiwa Tanga, Dar au Unguja, chumvi ya bahari inaongeza kasi. Tundu likiwa mshononi, litavuja hadi mafuta yashuke chini yake, halafu litanyamaza. Tazama geji inasoma wapi siku hiyo. Basi, hapo ndipo mwisho wako wa kujaza. Ukiulizwa kwa nini hujazi tangi, jibu kwamba hutaki kubeba uzito bure. Ni kweli, na linasikika kama neno la mtu anayejua magari.

Tundu likiwa sakafuni kabisa, ujanja huu haukufai. Ruka hatua inayofuata? La, hiyo isome mara mbili.

3. Vaa ovaroli, fukuza watazamaji.

Najua unataka kuonekana. Ovaroli inakupendeza, vaa, ila iwe ya pamba. Nailoni huzalisha cheche za umeme tuli. Watazamaji wakae mbali, hasa mwenye sigara na yule wa simu. Zima jiko la mkaa la uani, hata kama maharage hayajaiva. Toa waya hasi wa betri. Fanyia kazi nje penye upepo, usiingie kwenye shimo la gereji wala banda lililofungwa: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hujaa shimoni ukiwa umelala humo. Taa ya waya yenye balbu iache ndani. Tumia tochi, na uiwashe kabla hujasogea.

Jua pia unashika nini. Hiace ya injini 3L au 5L ni dizeli, na dizeli haitoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 50. Ya 1RZ au 2RZ ni petroli, nayo hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Msamvu pale Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la petroli lilipinduka, watu wakasogea kuchota, na zaidi ya 100 wakafa. Kwa hiyo nikisema maharage yasubiri, yasubiri.

Na usinyonye mafuta kwa mdomo ili kuyatoa. Petroli ikipita njia ya hewa huchoma mapafu. Pampu ya mkono inauzwa madukani kwa bei ndogo, na ukiishika unaonekana mtu wa mpango kuliko yule anayetema mate. Mafuta yatie kwenye madumu yenye vifuniko, yaweke mbali na nyumba.

4. Sabuni ya mche.

Chukua mche mkavu, usiloweshe. Ukandamize kwenye tundu na uusugue kwa nguvu, ukizungusha, mpaka sabuni iingie ndani na kubaki kidonge kidogo juu yake. Utaona tone linakonda, linachelewa, linaacha. Mafundi wa barabara ndefu wanaujua ujanja huu siku nyingi: petroli haiyeyushi sabuni. Maji ndiyo huiyeyusha. Kwa hiyo sabuni ni ya kukufikisha nyumbani au gereji, na mvua ya masika ikianza, mkataba wenu umekwisha. Usiifanye siri kwa dereva mwingine atakayelichukua gari. Mwambie, mpe na mche wa akiba.

Silikoni ya kubandikia vioo usiiguse. Petroli huivimbisha ikabanduka. Bazoka ndiyo kabisa, iache kwa watoto.

5. Gundi ya chuma, na hapa tusikimbizane.

Nunua gundi ya kukandwa, yenye sehemu mbili, iliyoandikwa kwenye pakiti kwamba inastahimili petroli. Kama haijaandikwa, irudishe rafuni. Punguza mafuta mpaka yawe chini ya tundu. Tundu la sakafuni lizibe kwanza kwa sabuni lisilowe. Kisha kwangua kwa msasa wa mkono. Grenda isikaribie hapo hata ukiombwa na nani. Kwangua upana wa vidole vitatu kuzunguka tundu, mpaka kutu yote iondoke na bati ling'ae. Ukibonyeza bati kwa kidole gumba likabonyea au likatoa unga mwekundu, acha hapo hapo. Hapo hakuna bati, kuna rangi na kutu vimeshikana mikono, na gundi haitapata pa kushika.

Bati likiwa gumu, lifute kwa kitambaa safi chenye spiriti, liache likauke. Kata kipande cha gundi, kikande mpaka zile rangi mbili ziwe moja bila hata mchirizi. Watu wengi hushindwa hapa: wanaona imelainika wanadhani imeiva. Endelea kukanda. Ikianza kupata joto mkononi, bandika haraka, ukikandamiza kutoka katikati kwenda pembeni ili hewa itoke, na kingo uzisambaze ziwe nyembamba. Kisha ondoka. Usiiguse kila baada ya muda kuona kama imekauka. Ilale usiku mzima.

Asubuhi rudisha mafuta kidogo, tandika kipande cha boksi chini ya gari, ukanywe chai. Boksi likiwa kavu hadi jioni, umeshinda.

6. Rangi nyeusi.

Sasa jipambe. Paka rangi nyeusi juu ya kiraka na kuzunguka. Inazuia maji yasipenye kwenye kingo, na hata fundi mzoefu akiinama hataona mahali ulipohangaika. Sifa zitakuja, zipokee.

7. Fundi wa kuchomelea.

Mtu atakwambia tangi tupu halina hatari, lipeleke likachomelewe fasta. Kimbia. Tangi lililojaa lina mafuta. Lililotolewa mafuta lina mvuke na hewa, na huo ndio mchanganyiko unaolipuka. Kutu na mishono huficha mafuta hata baada ya wiki. Mchomeleaji anayestahili kulishika hulisuuza kwa maji ya moto na sabuni mara kadhaa, kisha hulijaza maji mpaka karibu na tundu. Asiyefanya hivyo, hata akiwa shemeji yako, chukua tangi lako uondoke.

8. Tangi la mtumba.

Siku hela ikipatikana, nenda kwa wauza spea za mtumba. Usinunue kwa rangi ya nje, maana rangi umeshajua tunavyoitumia. Mulika ndani kwa tochi kupitia tundu la geji: maji huzama chini ya mafuta, na sakafu huozea ndani kabla ya nje kuonyesha. Pitisha kucha kwenye mshono. Omba lijazwe maji na liachwe juu ya mawe usiku mmoja, muuzaji akinuna mwache anune. Likifika nyumbani likaushe kabisa juani, funga na oringi mpya ya geji, kwa sababu ya zamani imeshakakamaa.