Rowan Atkinson: Kazi Saba, Tukianzia Mkiani

Kigezo ni kimoja na ni cha kibabe: akisema kidogo, anapanda juu. Mwenye rufaa apange orodha yake.

7. Zazu, The Lion King (1994). Una mtu ambaye nyusi zake peke yake zingetosha filamu nzima, halafu unamfungia studio arekodi sauti ya ndege. Ni kuajiri mpishi hodari ukamkabidhi ufagio. Alifagia vizuri, sikatai.

6. Padri Gerald, Four Weddings and a Funeral (1994). Padri mgeni kazini, ulimi unateleza mpaka Roho Mtakatifu anageuka mbuzi. Ni dakika chache tu, lakini maharusi wenyewe nimeshawasahau.

5. Johnny English (2003, 2011, 2018). Kachero aliyechipuka kutoka matangazo ya kadi ya benki. Filamu tatu, na Uingereza bado ipo! Ya kwanza inatosha.

4. Blackadder (1983–1989). Hapa anaongea kama wakili, kinyume kabisa na kigezo changu, ila kuiacha tamthilia hii ni dhambi. Awamu ya kwanza alikuwa zuzu. Ya pili wakampa akili na ulimi wa wembe, zuzu akawa Baldrick wa Tony Robinson. Mwisho wake uko kwenye mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1917: wote wanapanda kuzikabili risasi, na hakuna mzaha unaofuata. Wachekeshaji wengi wangeogopa.

3. Ufunguzi wa Olimpiki, London 2012. Simon Rattle anaongoza okestra nzima. Atkinson anabonyeza noti ileile kwa kidole kimoja huku akichungulia simu. Makarani wa Ijumaa mchana waliitambua sura ile.

2. Rubani wa dharura, Kenya, 2001. Hii hakuigiza. Alikuwa likizoni na familia, ndege ndogo ikitoka pwani kwenda Nairobi, rubani akazimia angani. Atkinson akashika usukani hadi rubani alipozinduka, wakatua salama uwanja wa ndege wa Wilson. Mimi ningezimia pamoja na rubani.

1. Mr. Bean (1990–1995). Msomi wa uhandisi wa umeme, Oxford hiyo, anapigana na vitu vya nyumbani na kushindwa. Lakini tazama vizuri: Bean hana upungufu wa akili. Kila tatizo analitafutia ufumbuzi, na ufumbuzi ndio unaomwangusha. Anaandaa sandwichi bustanini: mkate anaukata kwa mkasi, siagi anaipaka kwa kadi ya benki, majani ya saladi anayakausha ndani ya soksi. Hatua kwa hatua, bila haraka, fundi kazini! Hahitaji msimulizi wa filamu kama Lufufu au DJ Afro; bibi asiyejua neno la Kiingereza anacheka palepale anapocheka mjukuu.

Vipindi vya Mr. Bean vya 1990–1995 ni 15 tu. Ukiapa umeona mia, basi runinga zetu zimekurudishia vilevile, na wewe ukakaa ukacheka upya.